Meza ya Baba Mkubwa Kalisti

Asubuhi ya Jumatano moja, mwezi wa Mei mwaka 1995, mama yake Imakulata alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, Mpanda mjini, akichambua maharage kwenye ungo, shemeji yake Kalisti alipoingia akikokota baiskeli. Nyuma yake iliingia meza. Ilikuwa meza ya ofisi, ya mninga, yenye droo tatu upande wa kulia na alama ya kikombe cha chai kwenye pembe. Miguu yake ilikuwa imejaa vumbi jekundu. Ilisimama mbele ya banda la kuku, ikahema kidogo, ikatulia.

"Si ile ya ofisini hiyo, shemeji?" mama aliuliza.

"Ndiyo yenyewe. Imenifuata tangu pale relini."

"Basi isikae hapo. Kuku watashindwa kuingia."

Kalisti alikuwa karani wa hesabu katika ofisi moja ya umma tangu Imakulata hajazaliwa. Asubuhi hiyo wageni waliotoka mbali walisoma majina, wakaeleza kwamba wafanyakazi wanapunguzwa, wakawashukuru waliopunguzwa, kisha wakapanda gari lao. Kuhusu meza hawakusema neno. Kalisti alipotoka mlangoni, nayo ilitoka. Alipopanda baiskeli, ikakaza mwendo.

Haikuwa peke yake. Hadi mwisho wa mwezi meza zilikuwa zikionekana kila upande wa mji, zikiwafuata makarani, matarishi na mabwana maendeleo waliokuwa wakirudi makwao. Zilivuka barabara kwa mstari, na ng'ombe wa Wasukuma walizipisha. Padri alitangaza kwamba zibaki nje wakati wa misa, kwa kuwa hata mabenchi hayatoshi. Akina mama, ambao hawaachi kitu kikae bure, walianza kuanika mihogo juu yake.

Kalisti hakukubali mihogo ianikwe juu ya meza yake. Kila siku saa mbili kamili aliketi mbele yake kando ya banda la kuku, tai shingoni, viganja viwili vimetulia juu ya mbao, akasubiri. Saa tisa na nusu alifunga droo akaingia ndani.

Imakulata alikuwa amemaliza kidato cha sita, na alama zake zilimfungulia milango miwili: chuo cha uhasibu, au chuo cha kilimo kusomea elimu ya udongo. Chaguo lake lilitakiwa kufika Sumbawanga, makao ya mkoa, kabla ya Juni kwisha. Baba mkubwa ndiye aliyewaweka kwake yeye na mama yake, na kumsomesha, tangu baba yake alipofariki, na katika nyumba ile ilikuwa wazi kwamba mwenye kulipa ndiye mwenye kuchagua. Kalisti alikuwa amekwisha kuchagua uhasibu.

Lakini Imakulata alikuwa na ulimi wa udongo. Tangu utotoni aliweza kuweka chembe mdomoni akaeleza pale pamelimwa nini, pamechoka kiasi gani na pataamka lini. Mwaka uliotangulia, kule Kabungu, alionja udongo wa shamba la tumbaku la Kalisti mbele ya vibarua, akatema, akasema shamba limekufa. Hakuna aliyemtilia shaka, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Tangu siku hiyo, kila alipomwamkia baba yake mkubwa, "Shikamoo," yule mzee alimjibu, "Nimesikia."

Ukoo uliitwa Jumapili. Mzee Apolinari, mkuu wa ukoo, aliizunguka meza, akaigonga kwa fimbo kama mtu anayepima mtungi, akavuta droo moja baada ya nyingine. Kisha akasema jambo ambalo wengine walikuwa wamekwisha kuliwaza. Katika ukoo wao hakuna kiti kilichoachwa wazi. Mtu akiondoka, hutafutwa wa kurithi jina lake na mkuki wake. Sasa cheo cha Kalisti kimekuja chenyewe, kwa miguu yake, kutafuta mrithi. Kitu cha kushukuru, alisema, maana vyeo vya watu wengine huwa havijui njia.

Hakuna aliyeuliza kama cheo kilichotoka ofisini bado ni cheo. Walileta unga wa ulezi, wakaipaka meza, wakampaka Imakulata kwenye paji la uso, wakamketisha. Meza ilijishusha kiasi cha vidole viwili ili imfae kimo.

"Imemkubali," Apolinari alisema. "Ataenda uhasibu. Chakula kiko wapi?"

"Babu, hii meza imefukuzwa," Imakulata alisema. "Mnanirithisha kufukuzwa?"

Wajomba waligeuka kumtazama. Kalisti hakunyanyua sauti. Alisema kama anayesoma hesabu za mwezi.

"Watu wa hesabu watatafutwa tena. Hakuna nchi inayokaa bila mhasibu. Lakini udongo? Kuku anauparua kutwa nzima. Nyie mmeshamwona kuku na mshahara?"

Wajomba walicheka, na mmoja wao akawaita kuku waje kufundishwa.

"Na kama udongo unalipa," Kalisti aliendelea, "mwulizeni Josephat meza yake iko wapi."

Hakukuwa na haja ya kuuliza. Josephat, bwana shamba wa Kabungu, alikuwa amesomea udongo huohuo, naye alipunguzwa siku ileile. Meza yake ilikuwa imesimama katikati ya mabua ya tumbaku, na mvua ya mwisho ya msimu ilipomkuta shambani alijikinga chini yake. Imakulata alijua zaidi ya walivyojua wao, kwa sababu alikwenda kumwona siku mbili kabla ya kikao. Josephat hakumficha. Alimwambia asome atakacho, maana meza zote zinaijua njia ya kurudi. Kisha akaendelea kutenganisha udongo wa makopo, kopo hili na lile, bila mtu wa kumlipa wala wa kumtuma, akimweleza binti mpaka kivuli cha meza kikahamia upande wa pili. Meza yake haikuwa na nafasi hata ya kuweka kiwiko.

"Nimemwona Josephat," Imakulata alisema. "Kama ni lazima nifuatwe, nifuatwe na meza yenye kazi juu yake. Nachagua udongo."

Viganja vya Kalisti vilikuwa juu ya mbao tupu. Hakuvitoa.

"Shamba lile ndilo lililokusomesha. Ukaliita maiti mbele ya vibarua wangu."

"Lilikuwa limekufa, baba mkubwa."

"Lilikufa kwa ajili yako."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Meza ilisogea hatua moja upande wa Kalisti. Naye akatoa hukumu: siku Imakulata atakapopanda treni kwenda kujifunza uchafu, mama yake atoke katika uwanja ule. Apolinari aliona ni haki. Wakala wali, wakaondoka.

Mama hakumbembeleza shemeji yake, wala hakumtetea mwanawe. Siku ya nne, akisonga ugali, alimwambia Imakulata bila kugeuka, "Wewe umepata udongo wako. Mimi umeniondolea paa." Imakulata alipeleka chaguo lake palepale alipokusudia.

Asubuhi ya safari, mwezi wa Septemba, sufuria za mama zilikuwa nje ya uzio. Kalisti alizipanga mwenyewe, kubwa hadi ndogo, kila moja na mfuniko wake, kwa kuwa alikuwa karani. Alipomaliza, saa mbili ilikuwa imefika, akaenda kuketi.

Mama alikuwa anakwenda Sitalike kwa kaka yake. Pale njia zilipoachana alitua mzigo.

"Sikubariki," alisema. "Ila nenda. Usije ukakosa vyote viwili."

Imakulata alipata nafasi daraja la tatu, karibu na mlango, akiwa na sanduku la bati na kopo la udongo wa Kabungu aliouchota kwenye shamba lililokufa. Treni iliposimama kituo cha kwanza, katikati ya miombo, meza moja ilitoka kati ya miti. Ilikuwa ndogo, mpya, bado inanuka vanishi, na droo zake zilikuwa hazijafunguliwa hata mara moja. Haikuwa ikimfuata mtu yeyote aliyeshuka. Ilipita behewa la kwanza na la pili, ikasimama mbele ya mlango wake, ikapandisha miguu ya mbele.

Yotham, mkaguzi wa tiketi, aliitazama, kisha akamtazama binti.

"Ni yako hii?"

"Bado," Imakulata alisema.

"Basi isizibe mlango. Watu wanapita."

Imakulata alisogeza sanduku lake, meza ikaingia, ikasimama kando yake. Alilitua lile kopo juu ya mbao zake, na treni ikaondoka.