Bamba Chini ya Kiatu cha Kushoto

Karakanani walimwita Kisigino, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza viatu vya watu ambao miguu yao hailingani, na ukitaka kujua ukweli, kazi hiyo alianza kuijua zamani kabla ya kuajiriwa, kwa kuwa mguu wake mwenyewe wa kushoto ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole vitatu. Chini alichechemea. Ila akishapanda baiskeli, basi, huwezi kumtofautisha na mtu mwingine yeyote anayewahi kazini, isipokuwa kwa kuwa yeye huwa anaimba.

Tatizo lilikuwa moja tu. Mguu ule wa kushoto ulipenda kuteleza kwenye pedali, na haukuchagua mahali. Mwezi uliopita ulichagua katikati ya mzunguko wa barabara, asubuhi, malori yakipita kulia na kushoto, na Kisigino akarudi nyumbani na nyuzi tano kidevuni.

Dada yake mkubwa, ambaye waliishi naye nyumba moja, hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliziangalia zile nyuzi moja moja, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba akianguka tena, hata mara moja, baiskeli inaondoka nyumbani na yeye atakuwa anapelekwa kazini kwa gari la jirani. Kisigino akala kiapo. Angefanyaje? Lakini moyoni alijua gari la jirani maana yake nini: kutoka kwa saa ya mtu mwingine, kurudi kwa saa ya mtu mwingine, na kushukuru asubuhi na jioni mpaka shingo iume. Utotoni alishabebwa vya kutosha. Hakutaka kubebwa tena.

Hapo ndipo shemeji yake, mume wa dada, alipoingia kati. Huyu alikuwa fundi baiskeli, na utani baina yake na Kisigino haukuwa na likizo. Akaja na pedali mbili alizoachiwa na mwendesha baiskeli za mashindano ambaye magoti yake yalishasalimu amri. Zilikuwa na meno ya chuma yenye springi. Ukivaa kiatu chenye bamba maalumu chini ya soli, ukakanyaga, unasikia ka! na mguu umeshanaswa. Ukitaka kutoka, unazungusha kisigino kwa nje.

"Mguu wako mtoro, shemeji," alisema. "Dawa ya mtoro ni kumfunga."

Viatu Kisigino alivitengeneza mwenyewe, Jumamosi nzima, chakula cha mchana akakisahau. Soli ya kushoto aliipandisha kwa tabaka za mpira mwepesi, akazibana kwa gundi, akazisugua mpaka zikawa kama kitu kimoja. Mabamba akayafunga kwa skrubu, yakiwa yamenyooka katikati ya soli kama askari kwenye gwaride. Alikiinua kiatu cha kushoto dirishani, akakigeuza huku na huku, akajipongeza. Na kwa macho, kweli, hakikuwa na kasoro.

Jumatatu asubuhi alipanda kilima cha kwenda kazini kama asivyowahi kukipanda. Mguu wa kushoto ulisukuma ukishuka na kuvuta ukipanda, na kwa mara ya kwanza maishani ulifanya kazi sawa na mwenzake. Aliimba mpaka juu. Kuna mtu mmoja kituo cha basi alimpungia mkono, naye akacheka peke yake.

Kisha taa za njia panda zikawaka nyekundu. Alibana breki, akazungusha kisigino cha kushoto kwa nje, kama alivyozoea kutua kwa mguu huo. Hakikuzunguka. Akajaribu tena kwa nguvu zote, wapi. Wa kulia ungeweza kumwokoa, lakini mtu aliyeshikwa na hofu hufanya alichozoea. Baiskeli ikasimama kabisa, ikafikiri kidogo, ikalala ubavuni na yeye akiwa juu yake bado amekanyaga pedali.

Gari la mikate lililokuwa nyuma lilifunga breki hatua mbili kutoka kichwani pake. Dereva alishuka mbio, akamsaidia kuvua kiatu ndipo mguu ukatoka. Kiwiko kilichubuka, mkono wa shati ukachanika. Aliikokota baiskeli kazini, kiatu kimoja mkononi, na kilichomuuma si kiwiko. Alikuwa ameanguka, na alikuwa amekula kiapo.

Karakanani alimkuta mteja wa kwanza, mwalimu mstaafu, ameshakaa akisubiri kupimwa. Pale palikuwa na kanuni isiyovunjwa: hakuna kiatu kabla ya alama. Kila mteja alitembea hatua tatu peku kwenye sinia refu la mchanga wenye unyevu, na mchanga ukasema mguu unakanyaga vipi, unaelemea wapi, unatazama upande gani. Kisigino aliinama kusoma alama za mwalimu kama alivyosoma za mamia ya watu. Akabaki ameinama.

Miaka tisa alikuwa amepima miguu ya kila mtu. Wake hajawahi kuupima.

Mwalimu alipoondoka, alimwomba mwenzake, mama mmoja mpole aliyeshona ngozi, asawazishe mchanga. Akavua viatu, akatembea hatua tatu. Wa kulia ulitazama mbele. Wa kushoto ulitazama pembeni, vidole kwa nje, kama jirani anayechungulia uani kwa watu. Na yeye alikuwa ameulazimisha kunyooka kwa lile bamba! Ulipofika kwenye pedali, kisigino chake kilikuwa kimeshazunguka kwa nje mpaka mwisho wa uwezo wake. Nafasi ya kuzunguka zaidi ili uchomoke haikubaki.

"Kumbe mguu hauna kosa," alimwambia mama yule, na machozi yakamlengalenga.

Alilegeza skrubu, akalilaza bamba kufuata alama ya mchangani. Halikupendeza hata kidogo.

Jioni angeweza kuficha lile shati. Wazo lilimjia, tusidanganyane. Lakini aliingia jikoni moja kwa moja, akamwambia dada yake alivyoanguka, gari la mikate na yote. Shemeji akainamia sahani yake. Dada alinyoosha kiganja, na Kisigino akaweka humo ufunguo wa kufuli la baiskeli.

"Ahadi ni yangu, sikatai," alisema. "Ila kesho asubuhi twende wote pale kwenye taa. Nisimame mbele yako mara tatu. Nikishindwa hata moja, baiskeli mpe umpendaye."

Dada aliutia ufunguo mfukoni. Asubuhi, hata hivyo, alikuwa mlangoni amevaa viatu, kufuli la baiskeli ameshalifungua.

Alisimama chini ya nguzo ya taa, mikono kifuani. Kisigino alizunguka, akaja, taa ikawa nyekundu. Akazungusha. Ka! mguu chini. Akazunguka tena, ka! mguu chini. Mara ya tatu pikipiki ilimkata mbele ghafla, na dada akaziba mdomo kwa mikono miwili; lakini mguu wa kushoto ulishatua kwenye lami zamani, umetulia, ukitazama pembeni kama kawaida yake.

Dada alimsogelea. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni kwenda shule miaka mitatu, siku zote wakifika kengele imeshalia, na adhabu ya kuchelewa akaichukua yeye bila kusema kwa nini amechelewa. Kisigino aliyajua hayo yote. Ndiyo maana hakuweza kumdanganya.

Dada aliutazama ule mguu, kisha akautia ufunguo kwenye mfuko wa shati la mdogo wake, akaupigapiga.

"Nenda," alisema. "Leo mimi ndiye ninayekuchelewesha."

Taa ikawa kijani. Kisigino alikanyaga, akasikia mguu unanasa, akaondoka. Alitamani kugeuka, lakini njia panda ile haitaki mtu wa kutazama nyuma, basi akaanza kuimba kwa sauti ili dada yake amsikie mpaka atakapopotea.