Picha Isiyozidi Miezi Sita

Jumanne hiyo, saa tatu na nusu asubuhi, mpiga picha wa mtaa wa nyuma ya soko alikuwa akihangaika na mtoto mchanga wa wiki sita aliyekataa kufumbua macho. Mtoto alihitaji picha ya pasi ya kusafiria, na pasi haitaki macho yaliyofumbwa. Mama yake alimpulizia usoni, bibi yake akamtekenya unyayo, mpiga picha akapiga makofi. Mtoto akazidi kulala fofofo. Walipokata tamaa na kuanza kumfunika, alifumbua macho yote mawili awaone wanaomsumbua ni akina nani, na hapo ndipo picha ikapatikana.

Mpiga picha walimwita Kidevu. Si kwamba kidevu chake kilikuwa na lolote, kilikuwa cha kawaida tu, ila kwa miaka ishirini na miwili alimwambia kila aliyekaa mbele yake, "Inua kidevu kidogo." Aliwaambia mabwana harusi, wahitimu na wajane. Siku moja alimwambia marehemu, ndugu walipotaka picha ya mwisho, akaomba radhi hapohapo. Studio yake ilikuwa chumba kimoja: shuka jeupe ukutani, kiti cha mviringo kisicho na egemeo, taa mbili, kioo chenye kitana kilichofungwa kwa kamba kisiondoke na mteja, na koti jeusi la kuazima ambalo nusu ya mtaa ule walikuwa wamelivaa katika vitambulisho vyao. Mkewe ndiye aliyechapa picha na kuzikata. Alikuwa na mkono usiotetemeka na ulimi usiopumzika.

Mtoto alipoondoka, akaingia Mama Redio.

Redio alikuwa mwanawe wa pekee, fundi wa redio na vipaza sauti, na jina hilo alipewa kwa sababu mwenyewe akianza kusema hakuwa na swichi ya kumzimia. Miezi kumi na minne nyuma aliitwa kutengeneza kipaza sauti kwenye mkutano wa mtaa. Alikitengeneza, akakijaribu kama mafundi wote wanavyojaribu: moja, mbili, moja, mbili. Kisha, kwa kuwa kilikuwa kinasikika vizuri, akauliza ufunguo wa kisima cha mtaa anao nani, na kwa nini anao yeye. Kesho yake gari jeupe lisilo na namba lilisimama mbele ya meza yake ya kazi. Walioona walisema alipanda akiwa bado ameshika bisibisi. Tangu siku hiyo kila ofisi aliyokwenda mama yake walimjibu kwamba mtu kama huyo hawanaye. Kisima nacho kilibaki kimefungwa.

"Wanataka picha mbili," alisema Mama Redio, akaweka fomu mezani. "Za ukubwa wa pasi. Nyuma kuwe kweupe, masikio yote mawili yaonekane. Na isizidi miezi sita."

"Picha ya nani?" Kidevu aliuliza.

"Ya aliyepotea."

Kidevu akavaa miwani, akasoma. Ilikuwa imeandikwa hivyo hivyo. "Ile niliyompiga ya leseni je?"

"Wameikataa. Wameigonga muhuri kwamba imepitwa na wakati."

Mke wa Kidevu alikuwa anakata picha za mtoto na hakuinua kichwa. "Sasa si umpige tu? Kiti kipo, taa zipo, mama mtu yupo. Unangoja nini, kadi ya mwaliko?"

Kidevu akavua miwani. Akawasha taa. Mama Redio akasogeza kiti katikati ya shuka, akakizungusha kukishusha kidogo kwa kuwa mwanawe ana miguu mifupi na kiwiliwili kirefu kama marehemu baba yake. Kisha akaweka kiganja hewani juu ya kiti. "Pua yake inafika hapa," alisema. Kidevu akalenga kiganja, mama akaondoa mkono na kukaa pembeni.

"Inua kidevu kidogo," Kidevu alikiambia kiti, akabonyeza.

Redio alitoka vizuri. Alikuwa amekaa katikati kabisa, mabega sawa, nyuma kweupe. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba hadi kufumba. Mdomo wa juu ulikuwa umepasuka, na shati lake, lilelile alilopanda nalo garini, halikuwa na kola tena.

Mama yake alitazama kioo cha nyuma ya kamera muda mrefu. "Amekonda," alisema.

"Lakini masikio yote yapo," alisema mke wa Kidevu, ambaye sasa alikuwa amesimama nyuma yao. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hiyo wataipokea, dada. Hawana pa kuikatalia."

Kidevu akakaa kwenye kompyuta. Hapa ndipo alipofanya kosa, na hakulifanya kwa ubaya. Ni mkono tu. Kwa miaka ishirini na miwili mkono ule ulikuwa umefuta chunusi za mabibi harusi, umeziba mapengo ya wazee na kuwapunguzia wanene shingo ya pili, bila kuombwa wala kushukuriwa. Ukashusha uvimbe wa jicho. Ukafunga mdomo uliopasuka. Ukamvisha lile koti jeusi, na tai juu yake, kwa sababu mtu haendi ofisini bila kola. Kisha, kama kawaida yake, akahifadhi kazi juu ya picha ya mwanzo ili kompyuta isijae, akachapa nne.

Mama Redio alizipokea kwa mikono miwili. "Mbona amekuwa mzima?"

"Nimemrekebisha kidogo," alisema Kidevu, na ukweli usemwe, alijisikia vizuri. Mama naye hakulalamika. Miezi kumi na minne alikuwa hajamwona mwanawe, na huyu hapa, amevaa tai.

Fomu ilitaka mpiga picha athibitishe tarehe mbele ya karani, kwa hiyo kesho yake wakaenda pamoja. Karani alikuwa kijana mwenye shati lililonyooshwa vizuri. Alisimama alipomwona mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Karani akazitazama picha, akazigeuza, akasoma tarehe. "Hii imepigwa lini?"

"Jana," alisema Kidevu.

"Na mwenyewe alikuwepo?"

"Kwenye picha alikuwepo."

"Basi hajapotea." Karani alisema hivyo kwa furaha ya kweli, kama mtu anayeleta habari njema. "Mtu aliyepotea anapigaje picha, mama? Tena na tai! Tazama alivyonawiri. Hana hata mkwaruzo."

"Nilimrekebisha," Kidevu alisema. "Alikuwa amevimba jicho. Mdomo ulikuwa umepasuka, hapa."

"Sawa, mzee wangu. Ilete hiyo yenye jicho."

Hiyo yenye jicho haikuwepo popote duniani, Kidevu aliifuta mwenyewe. Karani akabandika picha moja kwenye jalada, akaigonga muhuri wa AMEPATIKANA, akapuliza wino ukauke. Kisha akauliza kwa adabu kama studio inapiga pia picha za familia, maana binti yake alikuwa anatimiza mwaka na kazi kama hii huioni kila siku.

Wakati wa kurudi Mama Redio hakumlaumu. Angemlaumu, Kidevu angepata pa kushika. Kidevu alitembea nusu hatua nyuma yake kwa aibu, na kila aliyempita alionekana kuwa na uso ambao yeye aliwahi kuupunguzia kitu.

Wakapiga picha nyingine mchana uleule. Redio akaja tena pichani. Jicho lilikuwa vilevile, na safari hii Kidevu aliweka mikono yake mapajani, mkewe akichapa. Wakarudi ofisini kabla haijafungwa. Karani aliitazama picha, akasikitika, na huwezi kusema hakusikitika.

"Jalada limeshafungwa, mama. Na mwenye jalada ni yeye. Ili lifunguliwe, lazima aje mwenyewe aandike kwamba amepotea."

"Mimi ni mama yake."

"Nafahamu, mama yangu. Ungekuwa umepotea wewe, ningekuandikia sasa hivi."

Ikawa Mama Redio anakuja studio kila Jumanne ya kwanza ya mwezi. Wateja walimzoea. Waliokuwa kwenye foleni walimpisha, wakatazama ukutani akiweka kiganja chake hewani. Kiganja kilianza kushuka. Mwezi wa pili alikiweka chini kidogo, wa tatu chini zaidi, maana Redio alikuwa anakaa akijikunja, na Kidevu akashusha mguu wa kamera. Mama alikuwa akichukua kitana cha kwenye kioo, kamba na yote, anachana hewa juu ya kiti, na kwenye picha mwanawe anatoka amechanwa. Mwezi wa nne Redio alitoka amenyolewa upara. Mama akaitazama picha, akakirudisha kitana mahali pake, na hakukigusa tena.

Mwezi wa tano Redio hakutazama kamera. Alikuwa anatazama kitu kilichokuwa upande wa mlangoni, na midomo yake ilikuwa wazi, katikati ya neno.

"Anasema nini?" aliuliza Kidevu.

"Maji," alisema mama.

"Mimi naona kama anasema 'mama'," alisema mke wa Kidevu. "Tazama midomo, inaanza kufunguka."

"Ni maji. Mimi ndiye niliyemfundisha kusema."

Muuza viatu wa duka la jirani, aliyekuja kupiga picha ya leseni, alichungulia naye. Alikuwa mtu wa mzaha na mzaha ulimtoka kabla hajauzuia. "Redio leo ameishiwa betri," alisema. Hakuna aliyecheka, hata yeye. Alikaa kwenye kiti kilekile baada ya hapo, na picha yake ilitoka na macho mekundu, na Kidevu hakuyagusa.

Kidevu alizihifadhi zote safari hii, kila moja na tarehe yake. Alizipeleka kwa mkuu wa karani, na kwa mkuu wa mkuu wa karani. Alizipeleka kwa mtu mmoja mwenye zulia ofisini, ambaye alizipanga mezani moja baada ya nyingine na kusema kwamba mwanga wake ni mzuri sana. Wote walizipokea na wote walizirudisha. Kidevu hakuwa mtu wa ofisi, alijua taa na karatasi tu. Usingizi ulimpungua. Mkewe alimwambia anajitesa bure, kisha yeye mwenyewe akaanza kwenda kila Jumatatu kukiosha kiti kwa sabuni, ili mgeni akute pasafi.

Mwezi wa tisa Mama Redio alikuja asubuhi na mapema kuliko kawaida, kabla duka la viatu halijafunguliwa. Akaweka kiganja, chini sana sasa, karibu na kiti chenyewe. Akakaa pembeni. Kidevu akabonyeza.

Kwenye picha palikuwa na kiti na shuka.

Akapiga tena. Akabadilisha taa, akapiga. Mkewe akafuta lenzi ya kamera kwa upindo wa gauni, akapiga yeye mwenyewe. Kiti kilitoka vizuri mara zote, miguu yote mitatu, na kivuli chake kwenye shuka.

Mkono wa Kidevu ulikuwa tayari kwenye kompyuta, karibu na picha za nyuma, na ungeweza. Ingemchukua nusu saa kumtoa Redio wa mwezi wa kwanza na kumkalisha hapo, na tai yake. Akamtazama mama.

"Usimguse," alisema Mama Redio. "Nichapie hivyo hivyo. Mbili."

"Dada..." alianza mke wa Kidevu.

"Walisema akiwepo kwenye picha hajapotea. Sasa hayupo. Si watamwandika?"

Mke wa Kidevu alichapa, akakata pembe nne kwa uangalifu kama alivyozikata picha zote maishani mwake, akazitia kwenye bahasha ndogo. Kidevu akaandika tarehe nyuma, akatia sahihi, akafunga studio mchana kweupe, wakaenda.

Karani alisimama alipomwona mama. Waliamkiana. Alifungua bahasha, akasogea dirishani penye mwanga, akaipima picha kwa rula. Ukubwa ulikuwa sawa. Nyuma kulikuwa kweupe. Tarehe ilikuwa ya leo. Akaigeuza, akaigeuza tena, na usoni mwake mlikuwa na huruma ambayo Kidevu angeweza kuipiga picha.

"Lakini hapa hakuna mtu, mama," alisema polepole. "Sasa nimwandike nani?"

Mama Redio akashika ukingo wa meza. Akamtajia jina la mwanawe, lile la kwenye cheti cha kuzaliwa, ambalo mtaani hakuna aliyewahi kulitumia. Kisha jina la baba yake. Kisha la babu yake. Alilitamka kila moja kwa kituo ili karani asikose herufi. Karani alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote, kalamu yake ikiwa mezani, kifuniko chake hakijafunguliwa.