Kitanda cha Marehemu Nicolas

Siku ya nne ya matanga ya Nicolas wa treni, kitanda chake kilisikika kikitafuna. Mchana kweupe, si ndoto ya mtu. Krr, krr, kimya, halafu krr tena. Kufika adhuhuri ndugu za marehemu walikuwa wameshakata kesi: homa haiui mwanaume mzima kwa siku tatu. Mjane, Mama Julienne, ndiye aliyemla mumewe kwa uchawi, na bado anamla. Apande treni ya Kabalo jioni hiyo hiyo, arudi kwao Ankoro, na watoto wawili wabaki.

Théophile seremala alizipata habari hizo akiwa na randa mkononi, akaiweka chini. Kitanda kile alikitengeneza yeye. Na sauti ile, jamani, aliijua.

Fundi aliyemfundisha kazi alikuwa na sheria moja: mti ukiangushwa, gome litoke siku hiyo hiyo, kisha gogo lilazwe ndani ya maji ya mto Lukuga, maana dudu hutaga mayai kwenye gome. Mwaka uliopita Théophile alikuwa na haraka zake. Gogo lilikaa na gome lake msimu mzima, na miguu ya kitanda ikatoka humo. Vitundu alivyoviona aliviziba kwa nta na unga wa mbao. Wakubwa walisema haraka haina baraka. Hawakusema inaweza kumfukuza mjane.

Akikiri, nani tena hapa Kalemie atamwagiza hata kigoda? Alijiuliza hilo njia nzima. Lakini alipoingia uani kwa marehemu akamkuta Mama Julienne ameketi chini, bunda la nguo kando yake, na mtoto mdogo anavutwa kutoka mapajani mwake. Aibu ikazidi hofu.

« Papa Omer, » alimwambia kaka wa marehemu, aliyekaa mbele ya watu na suti yake ya abakosti ya sikukuu, « huyu mama hana kosa. Ni mududu wa muti. Mulete kitanda hapa inje, nitawaonyesha. »

Wakakileta. Akaupasua mguu mmoja kwa patasi mbele ya wote. Alitegemea buu jeupe, lile ambalo kila mtoto amewahi kulichoma na kulila. Likatoka dudu lililokomaa, jeusi, refu kama kidole, na pembe mbili zinazozidi mwili wake, nalo likalia mkononi mwake.

Watu waliruka nyuma. Mama mmoja alianza Salamu Maria.

« Ni mududu tu, » Théophile alisema. « Kosa ni yangu. Sikutoa ganda ya muti. Alikuwa mule tangu nilipotengeneza. »

Mama wa Salamu Maria akaacha kusali. Alidhani wamemwelewa, hata akashusha pumzi.

Omer alilitazama dudu, kisha akamtazama yeye. « Kumbe ni wewe njo ulimuweka. »

« Sikumuweka, Papa. Nilimuacha. »

« Na ulijua iko ndani. »

Théophile angesemaje kwamba hakujua, na matundu aliyaziba kwa vidole vyake mwenyewe?

« Nilijua, » alisema.

Wanaume wawili waliinuka wakaenda kusimama mlangoni mwa ua. Théophile akamgeukia Mama Julienne. Yeye angalau angesema neno. Mtoto alikuwa amesharudi mikononi mwake, amemkumbatia kwa nguvu. Mama aliinuka, akasogea nyuma hatua moja, kisha ya pili, mpaka mgongo ukagusa ukuta.

« Papa Théophile, » alisema polepole, « ulikuwa unakula kwetu. Nicolas alikukosea nini? »