Kulwa Hajatua Mzigo

Asubuhi ya siku ya kwanza ya mashindano ya gofu ya Moshi, Doto Sabiri alisimama penye shimo la kwanza, akaupima upepo kwa majani makavu, akaomba fimbo. Marehemu kaka yake aliinamisha bega ili aichomoe begini. Maji yalimchuruzika Kulwa kutoka kwenye kola, yakashuka mkono mzima, yakadondoka nyasini kupitia vidole. Angani hapakuwa na wingu hata la kusingizia. Mchezaji aliyepangwa pamoja na Doto, kijana mmoja wa Arusha, alisogeza viatu vyake vipya visilowe, kisha akapiga mpira wake.

Mwamuzi mkuu wa msimu, Bi Theodora, alikuja kukagua. Huyu mama hakuwa mtu wa kusikiliza maneno ya mitaani. Alifungua kitabu chake akaisoma kanuni ya makedi, wale wanaowabebea wachezaji mabegi, akiwa amesimama palepale. Kanuni inasema mchezaji awe na kedi mmoja tu kwa wakati mmoja. Inasema kedi avae kizibao. Haisemi popote kwamba awe hai.

"Kizibao chake kiko wapi?"

"Amekivaa, mama. Kimegandana na shati," Doto alijibu.

"Apewe kingine, avae juu. Na asikae sana kwenye grini, anatuwekea madimbwi."

Grini ni lile zulia la nyasi fupi linalozunguka shimo, na watu wa gofu hulionea wivu kuliko wake zao. Kulwa akapewa kizibao kingine. Nacho kikalowa kabla hajamaliza kukifunga.

Kulwa na Doto walikuwa mapacha, na Kulwa ndiye aliyetangulia kutoka, kama jina lake linavyosema. Walikulia Itetemia, pembeni mwa mji wa Tabora, kwa mama yao Bi Zuwena, mshona makoti ya kanzu. Wote wawili walianza kwa kubeba mabegi ya wakubwa. Doto akaonekana ana mkono, akafundishwa, akawa mchezaji wa kulipwa. Kulwa akaendelea kubeba, ila sasa akambebea mdogo wake, na hakuona ubaya. Alikuwa akimtania kwamba yeye ndiye aliyempisha duniani, basi haidhuru akimpisha na uwanjani.

Uwanja wa Tabora umelalia njia ya zamani ya misafara, na una desturi yake. Kedi hatui begi anapojisikia. Raundi ikiisha, makedi hujipanga mbele ya stoo, mzigo begani, wakamsubiri mwenyekiti wa klabu. Mwenyekiti hutoka na kikombe cha chai mkononi na kusema, "Tua." Hapo ndipo mabegi hushuka. Wapagazi walifanya hivyohivyo mbele ya mwenye msafara, na babu mzaa babu yake Kulwa, aliyepeleka pembe za ndovu Bagamoyo, alitua kwa neno hilohilo. Mzee Sixbert, mwenyekiti wa sasa, analipenda. Siku nyingine hulichelewesha kidogo, amalizie chai.

Msimu ulifunguliwa Tabora, mwezi wa tatu, mvua za mwisho zikiwa bado zinapiga. Siku ya fainali king'ora cha radi kililia, mchezo ukasimama, na kigari kikaja mpaka shimo la saba kuwachukua watu.

"Wachezaji tu," dereva alisema, kwa kuwa ndivyo alivyotumwa.

Doto alisita mguu mmoja ukiwa ndani.

"Nenda bwana, dogo, utalowa," Kulwa alimwambia.

Doto akaenda. Makedi wakabaki uwanjani, mabegi begani, vichwa vya chuma vya fimbo vikichungulia juu ya vichwa vyao, maana hakuna aliyewaambia watue. Radi ikampiga Kulwa. Watu walisema radi ilimchagua, utadhani ni radi inayopanga nani apande gari.

Alizikwa Itetemia kesho yake, baada ya adhuhuri. Mzee Sixbert alihudhuria, na alipopewa nafasi alisema marehemu alikuwa kijana mwadilifu, na kwamba klabu inaungana na familia ingawa msiba ulimkuta akiwa ameshatua mzigo, yaani yuko nje ya kazi. Waombolezaji wakaitikia amina. Msibani mtu haanzi ubishi.

Jumatatu Kulwa alikuwa mbele ya stoo, begi la Doto begani, analowa. Wenzake walimsogezea nafasi mwishoni mwa mstari. Mzee Sixbert akatoka na chai yake. Siku hiyo hakusema neno lake kwa wote kama kawaida. Alilisema huku akinyoosha kidole, mmoja mmoja, tua, tua, tua, mpaka kwa Eliya aliyesimama kabla ya Kulwa. Halafu akarudi ndani. Maana kumwambia Kulwa tua ingekuwa kukubali kwamba bado amebeba.

Bi Zuwena alikwenda kwa shehe kuulizia arobaini. Shehe alifikiri, akamwambia kwamba hitima husomewa aliyepumzika, na huyu yuko kazini. Waombe kwanza aachiwe. Bi Zuwena akarudi nyumbani, akachana kanga, akaisokota kata kama ile ya kubebea ndoo kichwani. Akaenda uwanjani akaipachika chini ya mkanda wa begi, kwa sababu mkanda ulikuwa umeanza kuzama begani. Kulwa alimtazama mama yake. Tangu arudi hakuwa akisema. Mama akamfuta maji usoni kwa upindo wa mtandio, yakaja mengine.

Doto aliomba rasmi. Alimfuata Mzee Sixbert barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu, bingwa."

"Nimekuja kuomba umtue kaka yangu."

"Mwanangu, nitamtuaje mtu aliyekwisha kutua? Nilisema mbele za watu."

"Lakini unamwona."

"Namwona, mbona. Kijana mzuri sana."

Ndipo Doto alipoamua kuuchukua ubingwa wa msimu. Hakuutaka kwa sifa. Bingwa wa msimu hupewa kipaza sauti siku ya kufunga, mbele ya wageni na wadhamini na mkuu wa chama cha gofu, na yeye aliamini kuna jambo mtu anaweza kukunyima barazani lakini hawezi kukunyima mbele ya wageni. Hiyo ndiyo hesabu yake yote. Alikuwa na hasira, na hasira ilimnyoosha mkono. Moshi alimaliza wa pili. Arusha akashinda. Morogoro, kwenye upepo, akashinda tena.

Walisafiri kwa treni na mabasi. Kulwa alisimama njia nzima, begi begani, na makondakta wakamwomba asogee mlangoni ili maji yapate pa kutokea. Kwenye nyumba za wageni wenyeji walimletea Doto beseni la kuweka chini ya kaka yake. Doto alilala akisikia matone. Asubuhi alimwaga beseni, akamsalimu, wakaenda kazini. Kila alipolitazama lile bega aliumia, na hakuzoea.

Wakati huo Tabora ilishaingia kiangazi. Nyasi za uwanjani zilikuwa kahawia na kisima cha klabu kilitoa matope. Mahona, mtunza uwanja, aligundua kwamba mahali Kulwa anapokuwa amesimama nyasi zinaota, tena nzuri, nene. Akamweleza mwenyekiti kama anayetaja bomba linalovuja. Kuanzia hapo, kila Doto aliporudi kati ya shindano na shindano, Kulwa alikuwa na ratiba. Leo grini ya nne, kesho ya tano. Mahona alimwonyesha mahali, naye akaenda akasimama, kwa kuwa alikuwa kazini, na aliye kazini hutumwa.

"Unamtumaje basi, kama alishatua?" Doto alimuuliza Mzee Sixbert.

"Simtumi. Anasimama mwenyewe. Sisi tunamwelekeza tu pa kusimama."

Uwanja ukakolea kijani katikati ya nchi iliyokauka. Ng'ombe wa kule Igunga walikuwa wanakonda, na Tabora watu walikuwa wanapunguza nyasi kwa mashine. Chama kilituma wakaguzi, wakapiga picha, wakasifu uongozi. Shindano la kufunga msimu, lililopangwa kuchezwa Dar es Salaam, likahamishiwa Tabora.

Lilichezwa mwezi wa kumi na moja. Bi Zuwena alikuja siku ya fainali amevaa baibui yake ya sikukuu, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na stoo. Alikuwa ameshaongea na shehe na ameshaweka ahadi ya mchele. Jioni ile ile, mwanawe akishatuliwa, wangesoma hitima.

Doto aliongoza tangu shimo la kwanza. Walipofika la saba, wingu lilikuwa limesimama juu ya Itetemia, jeusi. King'ora kikalia. Kigari kikaja.

"Wachezaji tu."

Yule kijana wa Arusha, aliyepangwa naye tena, akapanda. Doto hakupanda. Dereva alimsubiri kidogo, akaondoka zake. Mvua ya kwanza ya msimu ikaanza, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu watu wengine walikuwa wamelowa sawa na Kulwa.

"Tueni," Doto aliwaambia makedi. "Tueni mabegi, mlale chini."

Waliangalia upande wa klabu. Hawakutua.

"Kaka, wewe siye wa kusema," Eliya alimwambia kwa upole.

Doto akamgeukia Kulwa. Alimshika mkono, ukiwa baridi na umejiviringisha kwenye mkanda. "Tua, kaka," alisema. "Nakuomba. Tua."

Kulwa aliinamisha bega ili mdogo wake achague fimbo.

Radi ilipiga mara nyingi siku hiyo, ikaunguza mti mmoja ng'ambo ya uzio na kuku wa mtu. Kisha ikasogea kuelekea Kaliua. Mchezo ukaendelea, na Doto Sabiri akawa bingwa wa msimu. Alipochomoa mpira wake shimoni mara ya mwisho, hakunyanyua mikono.

Turubai lilijaa. Mzee Sixbert alitoa hotuba ndefu kuhusu nyasi. Mkuu wa chama naye akasifu nyasi. Kikombe kikakabidhiwa, picha zikapigwa, na Doto akapewa kipaza sauti. Nyuma ya turubai makedi walikuwa wamejipanga mbele ya stoo, Kulwa mwishoni, na Bi Zuwena alikuwa amesimama kando yake ameshika taulo kavu.

"Sina hotuba," Doto alisema. "Kaka yangu yule pale. Alikufa begi likiwa begani, na bado liko begani. Namwomba mwenyekiti amwambie neno moja tu, apumzike."

Hakuna aliyeuliza neno gani. Wageni waligeuza viti wakamtazama Kulwa, wakamtazama mwenyekiti. Mkuu wa chama aliinamisha kichwa kuonyesha kwamba ombi ni la haki. Mzee Sixbert aliinuka, kikombe cha chai mkononi. Alikwenda mpaka mbele ya Kulwa, akasimama karibu kabisa, madimbwi yakimwingia viatuni. Bi Zuwena akalikunjua taulo. Mzee Sixbert alikunywa funda moja, akameza, akafungua kinywa.

"Hongera," alisema.

Watu wakapiga makofi. Walipiga kwa muda mrefu, kwa sababu walifarijika, na baadhi ya kina mama walilia. Muziki ukawashwa. Mwenyekiti akaupitia mstari kwa kidole chake, tua, tua, tua, mabegi yakashuka mpaka la Eliya, naye akarudi kwa wageni wake.

Doto aliweka kikombe chake chini kwenye matope. Alitaka kumfuata yule mzee, mama yake akamshika shati.

"Acha, baba. Utampiga hapa, halafu watasema na wewe ulikuwa umeshatua."

Mahona alifika baada ya muda, kofia mkononi. Alimwamkia Bi Zuwena, "Shikamoo mama," akaitikiwa marahaba. Akasema viatu vya watu vimeharibu grini ya tisa, na mvua yenyewe ya kwanza si ya kuaminika, kwa hiyo mzee ameomba Kulwa aanzie pale.

"Mpe dakika," Bi Zuwena alisema.

Alitoa kata mpya kwenye mkoba, akaitoa ile ya zamani iliyooza, akaiweka mpya vizuri chini ya mkanda. Kisha akainama, mama mtu mzima, akaingiza bega lake chini ya begi na kulinyanyua kidogo. Kulwa akafumba macho. Doto akaja upande wa pili, naye akaingiza la kwake. Walisimama hivyo watatu, wote wanalowa, mpaka Mahona alipokohoa.