Dakika Mbili za Turbo

Mimi sina subira, nalisema mapema ili usije ukanilaumu mbele ya safari. Nikiweka chai jikoni nasimama juu yake mpaka ichemke. Cherehani yangu ikikata uzi naigombeza. Na kwa miaka ishirini na minne, mume wangu akianza sentensi, mimi ndiye niliyekuwa naimaliza.

Mume wangu ana kigugumizi. Kazi yake ni mayai: anayachukua kwa wafugaji kule bondeni na kuyagawa madukani kwa gari letu la dizeli. Mayai hayahitaji maneno mengi. Kwingine kote alikuwa na mimi. Mezani akisema, "Le-le-le..." mimi nishasema, "Leta chumvi!" na chumvi ishafika. Nikajiona mke mwema, jamani. Nikajipongeza kabisa.

Mwaka juzi turbo ya gari, kile kifaa kinachosukumia injini hewa ili ipate nguvu, ikafa. Ilianza kwa mluzi. Gari likipanda kilima chetu linalia kama birika. Baadaye likatoa moshi wa bluu, likaisha nguvu, na siku moja likagoma katikati ya kilima na trei hamsini za mayai nyuma. Fundi wetu, ambaye tunamwita Polepole, akaifungua turbo na kutuonyesha kifeni cha chuma kilichomo ndani. Kilikuwa kinachezacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

"Hiki kinazunguka kasi kuliko kitu chochote kwenye gari hili," Polepole akasema, "na kinaelea kwenye oili. Sasa wewe unapanda kilima na mzigo, turbo imepata moto wa kufa mtu, unafika getini unazima, pap! Injini ikizima, oili haizunguki tena. Ile iliyobaki inaungua humo humo, inakuwa masizi. Hii umeiua mwenyewe, mzee."

"S-s-sasa..." mume wangu akaanza.

"Sasa tufanye nini?" nikamalizia.

Polepole akatupa masharti. Oili iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na ibadilishwe kwa wakati, si mpaka iwe nyeusi kama lami. Filta ya hewa iwe safi, maana punje ya mchanga kwa kile kifeni ni jiwe. Asubuhi usipige resi mpaka injini ipate joto. Na jioni, ukishapanda kilima na kufika, usizime. Acha injini ingurume yenyewe dakika mbili, turbo ipoe, ndipo uzime.

"Dakika mbili nzima akae tu humo ndani?" nikauliza, maana mimi zingeniua.

"Atafute cha kufanya," fundi akajibu.

Turbo nyingine ikafungwa, na mume wangu akazishika zile dakika mbili kama mtu aliyekula kiapo. Kila jioni, nikiwa dirishani kwenye cherehani yangu, namwona kafika, gari linanguruma getini, yeye kakaa ndani anafuta dashibodi na kitambaa. Dashibodi ile ilikuwa inang'aa kuliko vyombo vyangu.

Mwaka huu binti yetu mkubwa akapata mchumba. Tukakaa kikao sebuleni: sisi wazazi wawili, yeye binti, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye jina lake la nyumbani ni Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Likaja suala la nani atatoa neno la baba siku ya harusi. Wote tukamgeukia mume wangu.

"Ni-ni-ni..." akasema.

"Ni bora mdogo wangu aseme," nikamalizia.

Redio akakubali kabla sijafunga mdomo. Mume wangu akanitazama kidogo tu, kisha akanyanyuka akasema anakwenda kuangalia oili.

Basi tangu wiki ile nikaanza kuona mambo. Jioni akifika, dashibodi haifuti tena. Anakaa kidogo, halafu midomo inaanza kucheza. Anaongea! Mara anatabasamu, mara anafuta macho, mara anainua mkono hewani. Na mimi mume wangu namjua: mtu huyu hata salamu anaikwepa. Leo anaongea na nani, tena kwa raha zake? Nikajijibu mwenyewe, kama kawaida yangu. Ana mtu. Anaongea naye kwa simu getini kwangu, huku turbo inapoa!

Nikapandwa na mori. Siku hiyo nguo ya mteja niliishona mkono wa kulia upande wa kushoto, nikaifumua, nikarudia kosa lile lile. Jioni nikachukua beseni la nguo mbichi, nikajifanya nakwenda kuanika, nikajibanza nyuma ya tangi la maji karibu na geti. Nilikuwa nimejiandaa. Maneno niliyokuwa nayo mdomoni siku ile, heri sikuyasema.

Gari likapanda, likasimama, likaendelea kunguruma. Dirisha lilikuwa wazi. Simu yake niliiona imelala juu ya dashibodi, kioo cheusi, haina habari na mtu.

"Mwanangu," nikamsikia akisema. "Siku uliyozaliwa walinipa nikupakate, nikakushika kama trei ya kwanza niliyowahi kubeba. Niliogopa hata kupumua. Sikuwahi kukusimulia hadithi, kwa sababu maneno yangu yanakwama njiani. Lakini kila asubuhi, kabla ya mteja yeyote, nilikuchagulia wewe yai kubwa kuliko yote."

Hakukwama. Hata mara moja! Injini inanguruma, na maneno yanapita juu yake kama gari kwenye barabara ya lami. Miaka ishirini na minne sikuwahi kusikia sentensi nne zake zikifuatana, na nzuri namna hiyo. Kisha akazima, akashuka, akamwambia paka wetu, "T-t-toka hapo," akaingia ndani.

Mimi nikabaki nyuma ya tangi, beseni kiunoni, nalia kama mtoto. Nilijichukia. Kwa sababu yale maneno, "Ni bora mdogo wangu aseme," hakuyasema yeye. Niliyasema mimi. Yeye alikuwa anataka kusema, "Nitasema mwenyewe," nami nikamnyang'anya neno la binti yake mbele ya watu, halafu nikamdhania ana mwanamke.

Asubuhi nikamwendea shemeji yangu kwake. "Shemeji, siku ya harusi wewe utakaa kwenye kiti. Neno atasema baba mtu."

"Lakini nimeshaandika kurasa sita!" Redio akalia.

"Zisomee kuku."

Nyumbani nikamwambia mume wangu sentensi moja: "Utasema wewe." Uso ukamshuka, ukapanda, mwisho akaitikia kwa kichwa.

Siku ikafika. Ukumbi ulikuwa mdogo, wa chini, wenye madirisha mapana, na keki ya ngazi tatu mezani karibu na dirisha. Gari letu tuliliegesha nje, kando ya ukuta. Alipoitwa baba wa bibi harusi, mume wangu akasimama, akashika kipaza sauti.

"Mwa-mwa-mwa..."

Ukumbi mzima ukamgeukia. "Mwa-mwa..." Mtu akakohoa. Kijiko kikaanguka. Nikaona Redio ameshanyanyuka nusu, mkono uko mfukoni, na nikajua kurasa sita zimo humo. Binti yangu akanigeukia na macho yale yale ya miaka yote: Mama, msaidie. Na mimi maneno yote ninayo! Tangu siku ile ya beseni, kila jioni nilikuwa narudi nyuma ya tangi kumsikiliza, ningeweza kumkariria mpaka mwisho. Ulimi wangu ulikuwa unawasha. Mume wangu akanitazama, vile vile kama alivyonitazama siku ya kikao.

Nikasimama. Nikampita Redio, nikamkandamiza bega akakaa. Nikatoka mlango wa pembeni na viatu vyangu virefu, nikatoa ufunguo kwenye mkoba, nikaingia kwenye gari, nikaliwasha.

Likanguruma chini ya dirisha, madirisha yote yakatetemeka. "Nani huyo anawasha gari saa hizi?" mtu akauliza kwa hasira. Sikupiga resi, injini ilikuwa baridi. Niliiacha ingurume yenyewe, kama fundi alivyosema. Kupitia dirishani nikamwona mume wangu ameshusha kipaza sauti, anatazama nje. Akacheka. Akakiinua tena.

"Mwanangu," akasema.

Akasema yote. Trei ya kwanza, yai kubwa kuliko yote, na mengine ambayo nyuma ya tangi sikuwahi kuyasikia, kumbe alikuwa ameyaweka akiba. Binti yangu alilia mpaka vipodozi vikamshuka mashavuni. Redio alilia kuliko wote, akajifuta kwa ukurasa wa tatu. Nami nilikuwa nimekaa kwenye usukani peke yangu, nafurahi mpaka kifua kinauma.

Makofi yalipokwisha nikazima gari, na mume wangu akatoka nje, akaja mpaka kwenye dirisha la gari. Akaegemea.

"A-a-a..." akaanza.

Nilijua. Nani asingejua? Asante! Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, linasukuma. Nikashika usukani kwa mikono miwili, nikauma mdomo.

"A-a-a..."

Nikasubiri.

"A-a-afadhali umezima gari," akasema. "Mo-moshi wote ulikuwa unaingia kwenye keki."

Nilicheka mpaka nikapiga honi bila kukusudia. Kisha jambo likanijia, kicheko kikanikauka.

"Baba watoto," nikamwita. "Hebu niambie ukweli. Ile chumvi ya mezani, miaka yote hii, ulikuwa unaitaka?"

Akatikisa kichwa taratibu kukataa, huku akicheka.