Tisa Huku na Tisa Huku

...na hiyo tisa imedondoka kutoka wapi, maana mstari wa juu haikuwepo, mstari wa juu kuna eksi mraba jumlisha sita eksi ni sawa na saba, basi, wametulia zao hawana ugomvi na mtu, halafu mwalimu akageuka kukohoa vumbi la chaki, na aliporudi ubaoni tayari ana tisa mkononi, "Tunaongeza tisa huku, na tisa huku," akasema, kama mtu anayegawa pipi, "tuko pamoja?" na darasa zima likaitikia tuko pamojaaa, na Binti naye, huyu wa benchi la dirishani, mwaka wa kwanza, hata vumbi la safari halijamtoka vizuri, naye ameitikia, mdomo umeitikia wenyewe, mdomo una mazoea yake haumsubiri mwenye mdomo, pamoja na nani sasa, wapi... Ndiyo maana wenzake wamempachika mwalimu jina la Tukopamoja, na Tukopamoja sasa amesimama na kifutio mkononi, chaki imemwaga unga mpaka kwenye viatu, ubao umejaa hadi pembeni, anawatazama, "Nifute?" anauliza, na jirani wa Binti hapo benchini anachora maua kwenye pambizo la daftari, nyuma mtu anapiga miayo bila hata kuziba mdomo, afute tu, si afute, kuna tofauti gani kwa mtu anayeondoka Ijumaa. Maana anaondoka. Nguo ameshazikunja, ziko juu ya kitanda cha bweni, kilichobaki ni kufunga zipu, na zipu yenyewe mbovu, atafunga kwa kamba. Amechoka, si uchovu ule wa kulala ukaamka umekwisha, huu anaamka nao, anapiga nao mswaki, anaukalisha hapa benchini kipindi baada ya kipindi, na herufi zinapita mbele yake, eksi, wai, eksi tena, jana eksi ilikuwa nne leo wanasema ina majibu mawili, moja ama hasi saba, na yote sahihi, jamani, swali moja majibu mawili yote sahihi, si bora waseme tu hawajui... ingawa baba yake hapo asingeshangaa. Baba ana nyumba mbili, mlango unatazama mlango, ua katikati, na ukimuuliza nyumbani kwako ni wapi atakuonyesha zote mbili na hatakuwa amesema uongo. Na hilo la kuongeza huku na huku wala baba hakulisomea, sufuria ya mama ilipotoboka akanunua mpya, kesho yake akamnunulia na mama mdogo, ya mama mdogo ingali nzima inang'aa, mama mdogo akacheka mpaka akakaa chini, "Sasa hii nipikie nini, mume wangu?" na baba amekaza uso, sufuria huku, sufuria huku, habari imekwisha. Kwa hiyo hilo la huku na huku Binti analielewa, asionekane mjinga kiasi hicho, ni hiyo tisa tu, kwa nini tisa, kwa nini isiwe nane, kwa nini isiwe sufuria... Pacha angejua. Pacha angeshaiona tangu jana. Si pacha wa tumbo moja, huyo ni wa mama mdogo na Binti ni wa mama, wamezaliwa wiki moja, wakanyonya popote walipokutwa na njaa, watu wakawaita pacha, jina likamganda mmoja. Shuleni dawati moja, kitandani shuka moja, Binti anamsimulia hadithi alizosoma, Pacha anamweleza hesabu gizani kwa vidole, anambonyeza mkono, hizi ni tatu, hizi ni mbili, toa, zimebaki ngapi, wewe usilale, zimebaki ngapi... Halafu baba akapanda juu ya banda la mashine ya kusaga kupigilia bati, bati likateleza, naye akateleza nalo, nyonga ikavunjika, na mashine haisagi yenyewe, inataka mtu. Waliitwa uani wote wawili, baba kalala kwenye mkeka, akasema sitampeleka mmoja shule ya bweni nikamwacha mmoja, sijawahi na sianzi leo, mkienda mnaenda wote, mkibaki mnabaki wote, mama kwenye mlango wake, mama mdogo kwenye mlango wake, na Pacha alikuwa anapepeta mahindi, hakunyanyua hata uso, "Mimi shule nimeichoka, baba," akasema, "huyu aende." Basi. Nimeichoka, kama mtu aliyechoka mboga. Na kila mtu akapumua, na Binti alifurahi, afiche nini, alifurahi mpaka usingizi ukakata... "Nifute, au bado mnaandika?" Tukopamoja anauliza tena, kifutio kimeinuka kidogo, mtu mbele anasema "Futa tu, mwalimu," na Binti anatazama kifutio na anamkumbuka mama kwenye simu, juzi hiyo, mama analalamika kama kawaida yake, mara mgongo, mara bei ya dizeli, mara huyu dada yako sijui amepatwa na nini, "Anaandikaandika namba kwenye unga, juu ya mfuniko wa pipa, kwa kidole, mteja akija anafuta, mteja akiondoka anaanza upya, namba na mabano, baba yenu anamwangalia tu," na Binti akajibu mhm, alikuwa amelala chali anahesabu nyufa za dari, mhm mama, na mabano yakampita sikioni hayo... Mabano. Mabano mama kayatoa wapi, hapana, Pacha kayatoa wapi. Maana kidato walichomalizia mambo ya namna ile hawakuyafikia. Ni yeye. Ni Binti mwenyewe alimsomea swali lile moja, siku Pacha alipomganda, Pacha hupiga simu kila Jumapili amesimama nje ya banda, mashine inanguruma nyuma yake, anapaza sauti, "Mmefika wapi?" na Binti, "Tupo tupo," "Leo mmefundishwa nini?" "Ah, hesabu tu," "Nisomee moja basi," na Binti moyoni, haya, huyu ananifanyia ukaguzi, katumwa na mama yake aone kama nafasi inapotea bure, "Pacha, mwenzio nimechoka," na upande wa pili, juu ya mngurumo wa mashine, "Haya, pumzika." Kila Jumapili. Mpaka ile aliyomsomea ili amwache, akaisoma mbiombio kama mtu anayetupa mfupa, na Jumapili iliyofuata salamu haijaisha, "Ile ya mabano ni nne, eti?" na Binti akasema eti, sijui, labda, na kweli hakujua, na hakujiuliza, Mungu wangu, hakujiuliza mtu aliyeichoka shule anatafuta nne ya nini. Hajaichoka. Hajawahi kuichoka, alisema tu, alisema akiwa ameinama ili macho yasionekane, na baba aliyepima kila kitu maisha yake yote akadanganywa mchana kweupe mbele ya milango miwili. Binti anataka kulia na hapa si mahali pake. Pacha anakwenda shule kwa kidole, juu ya unga, kwa makombo ninayomtupia nikijisikia. Na Ijumaa Binti afunge begi kwa kamba, ashuke nyumbani na sura ya huruma, hesabu zimenishinda baba, na atakuwa amejitoa yeye tu, kumbe hapana, akinyanyuka hapa benchini wananyanyuka wawili, Pacha hatakuwa na wa kumpigia, ataufuta ule mfuniko na hatauandika tena... Uchovu haujaondoka, uko palepale mabegani, na ile tisa haijaeleweka hata punje. Lakini Jumapili Pacha atauliza, na Pacha si wa kuitikia tuko pamoja, atauliza palepale panapouma. Kifutio kimegusa pembe ya ubao. "Bado, mwalimu, usifute," sauti imetoka kubwa kuliko alivyokusudia, jirani ameacha maua yake, vichwa vimegeuka, basi vigeuke, "samahani, hiyo tisa... imetoka wapi?" na hakuna anayemcheka, kalamu zimeinuka huku na kule, kumbe, kumbe hata wao, na yule wa futa tu mwalimu anafungua daftari pole pole, na Tukopamoja anamtazama kama mtu aliyebisha hodi miaka na leo kasikia karibu, kifutio bado kiko mkononi, ubao bado umejaa, "Nusu ya sita ni ngapi?" anamwuliza, na Binti haangalii ubao, anajibonyeza mkono wake mwenyewe kwa vidole, chini ya benchi, "Tatu," anasema, na moyoni, Pacha, zima mashine kidogo, chukua kalamu.