Mwaka Barafu Ilipochoma Chai

Ukitaka kumuudhi Wanjira wa Kibugu, mwambie kuna baridi. Hapo utakuwa umejitafutia maneno. Atakutazama kuanzia kofia ya sufu hadi gambuti, kisha akuulize ulizaliwa lini. Ukitaja mwaka wowote baada ya ule barafu ilipochoma chai, huna kesi. Kaa kimya usikilize.

Juni hii kila mtu alikuwa na kesi. Ukungu ulishuka kutoka msituni ukakataa kurudi. Jua lilijitokeza mara moja moja, jeupe, halipashi chochote moto. Nguo zilianikwa na kuanuliwa zikiwa na maji yale yale. Redioni walisema watu wa hali ya hewa wamepima na kukuta kwamba baridi ya asubuhi huku mlimani imevunja rekodi ya miaka mingi, na kwamba wazee na watoto wachanga wafunikwe vizuri. Kwenye banda la kupimia chai, wachumaji walisimama na vikapu mgongoni wakibishana ni baridi ya mwaka gani iliyokuwa kali zaidi, kama vijana wanavyobishana kuhusu mpira.

"Hii imepita zote," alisema Ireri, jirani yake Wanjira, akipuliza vidole. "Hata redio imesema."

"Redio ilizaliwa lini?" Wanjira akamkata. "Ireri, mwaka ile barafu ilichoma chai, wewe ulikuwa wapi? Niliamka nikapata shamba yote imekuwa kahawia, majani imekauka kama imekaangwa. Maji kwa sufuria ilikuwa jiwe. Na mimi nilikuwa na mtoto wa wiki mbili. Alikufa? Si ndiye huyo Muchangi mnamwona na kitambi?"

Watu walicheka, na Ireri akacheka nao kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Wanjira alirudi nyumbani akiwa amechangamka. Katika mambo ya baridi alikuwa bingwa, na bingwa hapendi kusikia kuna rekodi mpya.

Lakini nyumbani kulikuwa na jambo ambalo hakulifanyia mzaha. Muchangi, kitinda mimba wake, anayeuza vifaa vya ujenzi mjini Embu, alikuwa amemletea mkewe na mtoto awaangalie. Mkewe ni Gatwiri, Mmeru wa Mitunguu, kule chini kwenye ndizi na joto, ambako watu hulala madirisha wazi na bado wanalalamika. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, mwepesi kama kuku wa kienyeji, na muuguzi aliyewaruhusu kutoka hospitalini alisisitiza jambo moja tu: joto. Asipate baridi hata kidogo.

Mtoto huyo aliitwa Ngari. Ndivyo desturi inavyotaka: mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu yake mzaa baba, na Ngari mwenyewe, mumewe Wanjira, alikuwa amezikwa upande wa chini wa shamba miaka saba iliyopita. Kwa hiyo Wanjira alimwita mjukuu wake mume wangu. "Mume wangu amerudi," aliwaambia wageni, "lakini safari hii amekuja bila meno na bila pombe. Nimepata nafuu." Alicheka, ila alimshika mtoto kama yai. Alimpenda kwa hofu. Kumpoteza Ngari mara moja kulitosha.

Gatwiri alikuwa msichana mpole, mwalimu wa chekechea, na baridi ya Kibugu ilimtesa. Alikaa kitandani na sweta mbili, mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi kama alivyofundishwa, midomo imepasuka. Wiki ya pili alimwomba mama mkwe ruhusa.

"Mama, si niende kwetu kidogo? Mpaka hii baridi ipungue. Mitunguu kuna joto, mtoto ataongeza kilo."

"Mtoto wa Kibugu atoroshwe kwa sababu ya ukungu?"

"Si kutoroshwa, Mama. Redio imesema hii imevunja rekodi."

"Rekodi iko hapa," Wanjira akasema, akijigonga kifua. "Nimelea watoto sita kwa hii baridi, na mwaka ile mbaya kuliko yote nilikuwa na bwana yako kwa mgongo. Unajua tulifanya nini? Moto. Tulilala na moto ndani ya nyumba, watu wote, na ndama pia. Hakuna mtu alikufa."

Gatwiri alimpigia simu mumewe. Muchangi akasema kile wanachosema wanaume wakiwekwa kati ya mama na mke, yaani kwamba mama anajua. Basi mambo yakaishia hapo. Mtoto hakwenda Mitunguu, na Gatwiri, aliyefundishwa adabu vizuri mno, hakuomba tena.

Nyumba waliyolala ilikuwa ya mawe. Muchangi ndiye aliyemjengea mamake mwaka uliopita: dari ya mbao, madirisha ya vioo, milango ya chuma inayofungwa ikabana. Wanjira aliionea fahari hadi wanawake wa kanisa wakachoka kuonyeshwa choo cha ndani. Alikuwa na lalamiko moja tu. Juu ya kila dirisha fundi alikuwa ameacha matundu ya hewa, na baridi ya Juni ilipoingia alisema ndiyo mlango wake. Alichana sweta kuukuu, akapanda juu ya kiti, akayaziba matundu yote moja baada ya jingine. Chumba cha Gatwiri alikiziba kwa uangalifu kuliko vingine vyote, kwa sababu ya mtoto.

Kupika, hata hivyo, hakupikia humo. Alikuwa bado na nyumba yake ya zamani ya kupikia, ya mbao zilizoachana, mafiga matatu katikati, moshi ukitokea popote upendapo.

Alhamisi ile ukungu ulifika hadi mlangoni. Manyunyu yalianza asubuhi na hayakukoma. Mchana mtoto alipooshwa, vidole vyake vya miguu vilikuwa na rangi ya samawati, na Wanjira akaona hatari imebisha hodi. Alitoka, akajaza jiko la makaa, akaliwasha nje chini ya paa. Hakuwa mjinga. Moshi aliujua na aliuogopa. Alikuwa amekohoa nao maisha yake yote. Alisubiri hadi makaa yote yakawa mekundu, hakuna moshi hata uzi mmoja, ndipo akalibeba kwa kitambaa akaliingiza chumbani na kulitua karibu na kitanda.

"Mama, jiko ndani?" Gatwiri akauliza. "Wanasemanga si mzuri."

"Wanasema nani? Unaona moshi?"

"Hapana."

"Basi pata joto."

Akafunga dirisha, akasukuma mlango, akakaa nao. Chumba kikapata joto kweli. Gatwiri alivua sweta moja, kisha kofia, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje. Wanjira alifurahi sana kuliona tabasamu hilo. Alijisikia ameshinda, tena ameshinda kwa wema.

Baada ya muda mtoto akaanza kulia, kilio cha kusumbuka, hataki ziwa. Wanjira mwenyewe alihisi kichwa kizito, akasema ni uzee.

"Mlete hapa, nikutulizie. Nimeweka maharagwe ya njahi kwa moto kule nje, wacha niangalie isiungue. Mama mwenye kunyonyesha bila njahi atatoa maziwa wapi? Wewe lala."

Alimfunga mtoto mgongoni kwa shuka, akamfunika kwa blanketi zito. Alipokuwa akitoka, Gatwiri alisema kitu kwa sauti ndogo.

"Mama, kichwa inaniuma."

"Ni baridi iko inatoka," Wanjira akajibu. "Ilikuwa imekushika kwa mifupa."

Akatoka, lakini hakumwacha hivyo hivyo. Alirudi na koleo la makaa kutoka kwenye mafiga, mekundu, mazuri, akayaongeza kwenye lile jiko la chumbani. Kisha akavuta mlango kwa taratibu ili usigonge.

Katika nyumba ya kupikia upepo ulipita kati ya mbao kama kawaida. Kichwa cha Wanjira kikapoa, na mtoto mgongoni akatulia akalala. Wanjira akaponda njahi na ndizi, akimwimbia mumewe wimbo wa kanisa. Alipomaliza alipakua sahani akaipeleka. Gatwiri alikuwa amelala upande, mkono chini ya shavu. Wanjira alimgusa mguu. Ulikuwa na joto. Tangu msichana huyo afike hakuwa amewahi kumgusa mguu akaukuta na joto, na alisimama pale kidogo akishukuru Mungu. Hakuwa na moyo wa kumwamsha. Alifunika sahani kwa sahani nyingine, akairudisha jikoni kwa mafiga isipoe.

Mtoto ndiye aliyeamka kwa njaa. Wanjira aliingia akiita toka mlangoni, "Mama Ngari, mume wangu anataka chakula!" Akaita tena. Akamtikisa bega. Kichwa cha Gatwiri kilifuata bega kisha kikarudi, na kando ya mdomo wake mto ulikuwa umelowa matapishi.

Nduru aliyoipiga ilisikika hadi kwenye banda la chai. Ireri ndiye aliyefika kwanza. Alimbeba Gatwiri hadi nje, akamlaza kwenye manyunyu, akampuliza hewa kama alivyowahi kuona kwenye simu. Wengine wakaleta gari dogo la kubebea chai. Barabara ilikuwa tope tupu, na wanaume walisukuma zaidi ya walivyopanda. Wanjira alikaa nyuma na mtoto, akishika mkono wa mkaza mwana wake. Ulianza kupoa njiani.

Kwenye zahanati daktari kijana alimpima, akasimama wima, akauliza swali moja.

"Mlikuwa na jiko ndani?"

"Haikuwa na moshi," Wanjira akasema. "Nilingoja moshi ikaisha."

"Sumu yake si moshi, Cucu," daktari akasema, akimwita nyanya kwa lugha ya huko. "Haionekani, haina harufu. Dirisha ilikuwa wazi?"

"Kulikuwa na baridi."

Daktari aliandika kitu kwenye karatasi. Wanjira akaona kama hajaelewa, akaanza kumweleza, kwa haraka, maneno yakigongana. Mwaka ule barafu ilipochoma chai. Maji yalivyoganda kwenye sufuria. Moto uliwaka ndani usiku kucha, watoto wote, yeye, Ngari, na ndama, na asubuhi wote waliamka, wote.

"Hiyo nyumba ilikuwa ya nini?" daktari akauliza.

"Ya mbao. Na udongo. Na nyasi juu."

"Ilikuwa inapumua," daktari akasema, akamfunika Gatwiri uso.

Muchangi alifika jioni. Aliingia chumbani, akakaa kwenye kitanda, akatazama juu ya dirisha kwa muda mrefu. Kisha akapanda kiti na kuanza kuyazibua matundu kwa mikono, akitupa vipande vya sweta sakafuni, na mama yake akimtazama kutoka mlangoni bila kuthubutu kuingia. Mama alitamani atukanwe. Mwanawe hakumpa hata hilo.

Kesho yake watu walijaa uani. Wanawake wa kanisa waliimba, wanaume walisimama na mikono makwapani, na kwa kuwa watu ni watu, mazungumzo yakarudi kwenye baridi. Mmoja akasema redio imetangaza kwamba asubuhi ya leo imevunja hata rekodi ya jana. Mwingine akaanza kutaja mwaka wa barafu, akamwona Wanjira anapita, akameza maneno. Wanjira aliyasikia. Alipita moja kwa moja hadi kando ya nyumba ya kupikia.

Celina, mamake Gatwiri, alifika kutoka Mitunguu mchana. Alikuwa na nguo nyepesi za kwao na leso begani, akitetemeka mwili mzima, na koti alilopewa hakulivaa. Aliongozwa hadi alipokaa Wanjira, kando ya nyumba ya kupikia, mtoto mgongoni chini ya blanketi. Mtoto alikuwa amenyweshwa maziwa ya kopo kwa kijiko na amelala. Wanawake wakasogea kuwapa nafasi.

"Mama Muchangi," Celina akasema.

"Mama Gatwiri."

"Mimi sikuja kugombana. Nataka tu kujua kitu moja. Msichana wangu alisema nini mwisho?"

Wanjira alifikiria kumwambia kwamba alitabasamu, na ingekuwa kweli. Alifikiria kumwambia kuhusu njahi, na mguu ulivyokuwa na joto. Maneno yote hayo yalimfika mdomoni.

"Alisema kichwa inamuuma."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikamwongezea makaa."

Celina alimtazama. Kisha akazunguka nyuma ya Wanjira na kuanza kufungua fundo la shuka, polepole, vidole vyake vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi. Fundo lilikuwa gumu. Wanjira akainama mbele, akalegeza mabega, ili apate kumchukua mtoto kwa urahisi.